Je, Vifaa Vidogo vya Sola Vinapunguza Gharama za Nyumbani? Mwongozo wa Kupiga Hesabu Mwenyewe

Taa ya sola ya ukutani, pawabenki yenye kipaneli mgongoni, redio ya jua, feni ndogo, taa za bustani za kuchomeka ardhini: vyote huuzwa kwa ahadi moja, kwamba jua ni bure kwa hiyo gharama zitashuka. Jua ni bure kweli. Paneli si bure, betri si bure, na betri ina umri. Swali la kujiuliza ni hili: kifaa hiki kitazalisha umeme kiasi gani kabla hakijafa, na umeme huo utakuwa umenigharimu nini ukilinganisha na ninaolipia sasa?

Hesabu hiyo haihitaji fundi. Inahitaji rula, kikokotoo cha simu, na bili yako ya umeme au kumbukumbu ya unachotumia kwa mafuta ya taa na betri. Jibu lenyewe nitalitoa mapema ili ujue tunakoelekea. Mtu mwenye umeme ukutani ambaye tayari anatumia balbu za LED hataokoa kitu cha maana kwa vifaa vingi vya aina hii. Anayenunua mafuta ya taa au betri kavu, anayelipia kuchajiwa simu, au anayetaka taa mahali ambapo waya haujafika, huyo huokoa, na mara nyingi mapema kuliko alivyotarajia.

Hatua ya 1: Andika utaacha kulipia nini

Kifaa cha sola huokoa pale tu kinapoondoa kitu ulichokuwa unakilipia. Kabla ya kutazama bei, chukua karatasi ujibu: kikifika nyumbani, nitaacha kununua nini? Huenda ni umeme wa soketi. Huenda ni mafuta ya taa, betri kavu, pesa ya kuchajisha simu, au gharama ya kuchimba mtaro na kuvuta waya hadi getini. Na kuna jibu ambalo wengi hawaliandiki: hakuna. Taa sita za kupamba njia ambayo haikuwa na taa hazipunguzi bili hata kidogo. Si vibaya kununua pambo, ila usiliweke kwenye safu ya akiba.

Hapa ndipo hesabu nzima inapoamuliwa, kwa sababu bei ya nishati hutofautiana mno kutegemea inakotoka. Chukua betri kavu ya alkalini ya ukubwa wa AA. Hubeba takriban wati-saa 3. Uniti moja ya umeme ni kilowati-saa moja, yaani wati-saa 1,000. Kwa hiyo ili upate uniti moja kutoka kwenye betri za AA unahitaji zaidi ya betri 300. Zidisha bei ya betri moja unayonunua kwa 300, kisha weka jibu kando ya bei ya uniti moja kwenye bili ya umeme. Tofauti utakayoiona ndiyo sababu redio au tochi ya sola hurudisha pesa yake upesi, ilhali chaja ya sola ya simu kwa mwenye soketi haifanyi hivyo.

Mafuta ya taa nayo yana hadithi ya namna hiyo. Lita moja ina nishati inayokaribia uniti 10, lakini utambi huigeuza karibu yote kuwa joto na moshi. Kibatari cha kawaida hutoa mwanga wa takriban lumeni 10. LED ya wati 1 hutoa lumeni 100 na zaidi. Taa ndogo ya sola inaposhindana na kibatari, inashindana na mpinzani dhaifu sana. Inaposhindana na balbu ya LED iliyounganishwa na gridi, inashindana na mpinzani ambaye tayari anatumia umeme kidogo mno.

Hatua ya 2: Geuza matumizi yako kuwa uniti

Kanuni ni moja: wati zidisha kwa saa, gawanya kwa 1,000. Hizo ndizo uniti.

Balbu ya LED ya wati 9 ikiwaka saa 5 kila usiku hutumia wati-saa 45. Kwa mwaka ni uniti 16 na ushee. Simu yenye betri ya mAh 5,000 hubeba takriban wati-saa 19 (mAh ni kipimo cha ujazo wa betri; zidisha kwa volti zake, gawanya kwa 1,000, upate wati-saa). Ukiongeza umeme unaopotea kwenye chaja, kuijaza kutoka soketini huchukua wati-saa 23 hivi. Ukiichaji kila siku mwaka mzima, unatumia uniti zipatazo 8. Ndiyo, mwaka mzima. Zidisha 8 kwa bei ya uniti yako, na hapo umepata kiwango cha juu kabisa ambacho chaja yoyote ya sola inaweza kukuokolea kwa mwaka kwa simu hiyo moja, hata ikifanya kazi bila kukosa siku.

Sasa linganisha na vitu vinavyopasha moto. Kuchemsha lita moja ya maji kwa birika la umeme huchukua takriban wati-saa 100, sawa na kuchaji simu mara nne. Kupasha lita 100 za maji ya kuoga kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 50 za Selsiasi huchukua uniti 3.5. Umeme huo ungetosha kuchaji simu kila siku kwa miezi mitano. Ukiuelewa ulinganisho huu, hutashangaa tena kwa nini umenunua vifaa vitatu vya sola na bili haijasogea.

Kuna mambo mawili kwenye bili yenyewe ya kuangalia. La kwanza ni ada zisizobadilika: mahali pengi kuna malipo ya mwezi ambayo hulipwa hata usipotumia kitu, na kifaa cha sola hakiyagusi. Yaondoe kwenye hesabu. La pili ni bei za madaraja, ambapo uniti za juu hugharimu zaidi kuliko za chini. Ikiwa unalipa kwa mfumo huo, tumia bei ya uniti zako za mwisho, maana hizo ndizo utakazozipunguza.

Hatua ya 3: Pima paneli kwa rula

Hatua hii huwaokoa watu pesa nyingi kuliko nyingine zote, na ndiyo ninayoisisitiza kwa kila anayeniuliza. Usiamini wati zilizoandikwa kwenye boksi. Pima eneo la paneli.

Jua kali la adhuhuri, anga likiwa jeupe, hutoa takriban wati 1,000 kwa kila mita moja ya mraba. Paneli nzuri za silikoni zinazouzwa leo hugeuza kama asilimia 20 ya hizo kuwa umeme. Maana yake kipande cha paneli cha sentimita 10 kwa sentimita 10 hutoa wati 2 hivi, na hiyo ni pale jua linapokipiga wima na hakijapata joto jingi. Vipaneli vya bei ya chini hutoa pungufu ya hapo.

Tuitumie rula hiyo kwa pawabenki. Sema ni ya mAh 20,000, na mgongo wake una paneli ya sentimita 7 kwa 14. Eneo ni sentimita za mraba 98, kwa hiyo wati 2 ni kikomo, na ukiondoa kingo na mistari inayotenganisha vipande vya seli, tuseme 1.5. Wataalamu wa sola huhesabu siku kwa saa za jua kamili, yaani mwanga wote wa siku ukikusanywa kana kwamba jua lilikuwa kali la adhuhuri muda wote. Katika nchi za tropiki huwa kati ya saa 4 na 6 kwa siku. Kaskazini ya Ulaya katikati ya majira ya baridi zinaweza kushuka chini ya saa 1. Chukua saa 5: wati 1.5 mara 5 ni wati-saa 7.5. Toa theluthi moja inayopotea kwenye joto, vumbi, pembe mbaya na saketi ya kuchaji, unabaki na wati-saa 5. Betri ya mAh 20,000 kwa volti 3.7 ni wati-saa 74. Itachukua wiki mbili za jua zuri kujaa. Simu moja ya wati-saa 19 ni jua la siku nne.

Na ili ipate jua hilo, pawabenki yenyewe lazima ikae juani mchana kutwa, betri ya lithiamu ikiwa imegandamana na paneli iliyochemka. Joto ni adui mkubwa wa betri za lithiamu. Huzizeesha kabla ya wakati. Kifaa kinajila chenyewe.

Sasa taa za ukutani zinazoandikwa "wati 300". Paneli ya taa ya aina hiyo mara nyingi ina ukubwa wa karatasi ya daftari, tuseme sentimita 20 kwa 25. Hizo ni sentimita za mraba 500, sawa na wati 10 kwa kikomo. Kwa siku: 10 mara 5, toa theluthi, unapata wati-saa 33 hivi. Zigawe kwa usiku wa saa 12 na utaona taa hiyo ina wati zisizofika 3 za kutumia kwa wastani. Namba 300 haielezi umeme unaotumika wala mwanga unaotoka. Tafuta lumeni na wati-saa za betri; zikikosekana zote mbili, rudisha boksi rafuni.

Hatua ya 4: Chunguza betri, maana ndiyo umri wa kifaa

Paneli ya silikoni iliyofunikwa kwa kioo hudumu miaka mingi. Watengenezaji wengi wa paneli kubwa hutoa dhamana ya utendaji ya miaka 25. Kifaa kidogo cha sola hakifi kwa sababu ya paneli. Hufa betri.

Betri za nikeli zinazochajika, zile za volti 1.2 zinazokaa kwenye taa za bustani, huvumilia mizunguko mia kadhaa ya kujazwa na kuisha. Betri za kawaida za lithiamu za volti 3.7 huanza kupungua nguvu kwa kiasi cha kuonekana baada ya mizunguko 300 hadi 500. Za lithiamu na fosfeti ya chuma, zinazoandikwa LiFePO4 na volti 3.2, hufika mizunguko 2,000 na kuendelea, na huvumilia joto vizuri zaidi. Kwa kifaa kinachojazwa na kumalizwa kila siku, hiyo ni tofauti ya mwaka mmoja na ushee dhidi ya miaka mitano au zaidi. Ukiona taa mbili zinazofanana na moja ina LiFePO4, iongezee bei kidogo bila kinyongo.

Jambo lingine ni kama betri inabadilishika. Geuza kifaa. Kuna skrubu? Kuna kifuniko? Au kimegundishwa kwa joto kiasi kwamba kukifungua ni kukivunja? Kifaa kilichogundishwa kina umri wa betri yake ya kwanza, basi. Chenye skrubu kinaweza kupewa betri ya pili na ya tatu, na hapo ndipo hesabu ya akiba hugeuka kabisa, kwa sababu paneli na kasha ulishavilipia.

Hatua ya 5: Tafuta bei ya kifaa kwa uniti

Sasa unganisha. Chukua wati-saa kwa siku ulizopata kwenye hatua ya 3. Ikiwa matumizi yako ni madogo kuliko hizo, chukua matumizi yako, kwani umeme usiotumika haukuokolei kitu. Zidisha kwa 365, gawanya kwa 1,000: hizo ni uniti kwa mwaka. Zidisha kwa miaka ya betri. Hizo ni uniti za maisha ya kifaa.

Kisha gawanya bei ya kifaa kwa bei ya uniti moja ya umeme unaolipa. Jibu linakuambia kifaa kinapaswa kuondoa uniti ngapi ili kirudishe pesa yako. Taa ya ukutani ya wati-saa 33 kwa siku huzalisha uniti 12 kwa mwaka. Kwa miaka mitatu ni 36. Kama bei yake ni sawa na uniti 20, itajilipa ndani ya miaka miwili. Kama bei yake ni sawa na uniti 90, haitajilipa kwa umeme peke yake hata ukiitunza kama mboni ya jicho.

Kwa pawabenki ya sola fanya tofauti kidogo: usitumie bei nzima. Tumia nyongeza ya bei, yaani kinachozidi juu ya pawabenki isiyo na paneli yenye uwezo uleule, kwa sababu hiyo nyingine ungeinunua hata hivyo. Wati-saa 5 kwa siku ni uniti 1.8 kwa mwaka. Nyongeza hiyo ya bei karibu kila mara huzidi thamani ya uniti hizo.

Anayelipia kwa awamu azingatie kujumlisha malipo yote hadi ya mwisho kabla ya kugawanya. Kiasi cha siku kikiwa kidogo huficha jumla.

Kifaa kwa kifaa

*Taa za bustani.* Betri ya ndani mara nyingi ni moja tu, volti 1.2 na mAh 600, sawa na wati-saa 0.7. Ikijaa kila siku mwaka mzima, taa moja huhudumia robo ya uniti. Kumi ni uniti mbili na nusu. Zinunue kwa sababu unazipenda au kwa sababu hutaki kuzika waya, si kwa sababu ya bili.

*Taa za usalama za nje.* Hapa akiba inaweza kuwa kubwa sana au isiwepo, kutegemea unachoondoa. Taa ya halojeni ya wati 150 ikiwaka saa 12 kila usiku hula uniti 657 kwa mwaka. Ukiibadilisha na LED ya wati 20 ya umeme uleule wa gridi, matumizi yanashuka hadi uniti 88. Uniti 569 zimeokolewa na balbu, si na jua. Ongeza sensa ya mwendo ili taa iwake mtu anapopita tu, na kama inawaka jumla ya saa moja kwa usiku, matumizi yote pamoja na sensa yanaweza kubaki uniti 12 hivi. Sola ikija baada ya hapo ina uniti 12 tu za kuokoa. Wauzaji hupenda kulinganisha taa yao ya sola na ile halojeni ya mwanzo. Wewe ilinganishe na LED yenye sensa.

Lakini ikiwa mahali penyewe ni mbali na nyumba, kama getini, bandani au kwenye tangi la maji, ondoa umeme kabisa kwenye hesabu na uweke gharama ya waya, mabomba ya waya, kuchimba na malipo ya fundi. Hapo sola hushinda siku ya kwanza.

*Taa ya mkononi kwa nyumba isiyo na umeme.* Hii ndiyo kazi bora kuliko zote ambayo sola ndogo hufanya. Pima mafuta unayotumia kwa mwezi mmoja, kwa lita, si kwa kukisia. Linganisha na bei ya taa. Ongeza akiba ya kuchajisha simu ikiwa taa ina tundu la USB na paneli yake ni ya wati 3 au zaidi. Moshi unaoondoka ndani ya nyumba na hatari ya moto inayopungua havina safu kwenye karatasi yetu, ila vina uzito mkubwa kuliko namba zote humu, hasa penye watoto wadogo.

*Paneli za kukunja zenye USB.* Ni tofauti kabisa na kipaneli cha mgongoni mwa pawabenki, kwa sababu eneo ni kubwa. Paneli yenye wati 20 za kweli hutoa wati 12 hadi 15 juani na kujaza simu kwa saa mbili hivi, simu ikiwa kivulini. Kwa mwenye soketi haitarudisha bei yake. Kwa anayelipia kila chaji, hesabu siku zake: bei ya paneli gawanya kwa bei ya chaji moja.

*Redio na tochi.* Kama zinaondoa betri kavu, ndiyo, nunua. Kama redio yako tayari inachomekwa ukutani, usinunue kwa ajili ya akiba.

*Feni.* Feni ndogo za umeme wa moja kwa moja (DC, yaani umeme wa aina ya betri) hutumia wati 10 hadi 25, wakati feni nyingi za dari za mtindo wa zamani hutumia wati 60 hadi 75. Sehemu kubwa ya akiba inatokana na mota yenyewe kutumia umeme kidogo. Kagua kwa rula: feni ya wati 15 inayotakiwa kuzunguka saa 8 inahitaji wati-saa 120, kwa hiyo paneli isiyo na wati 35 hivi haitaimudu.

*Vikokotoo na saa za jua.* Huokoa betri moja ndogo ya kifungo kila baada ya miaka michache. Ni vizuri; hakuna zaidi ya hapo.

Hatua ya 6: Tumia pesa ya kwanza panapostahili

Kama lengo lako ni bili, tafuta kwanza uniti zinakotoka. Zima kila kitu, chomoa friji kwa dakika chache, tazama mita. Bado inahesabu? Kuna kitu kinanyonya. King'amuzi, ruta, televisheni iliyozimwa kwa rimoti, chaja zilizosahaulika: zikivuta wati 10 kwa pamoja usiku na mchana, ni uniti 88 kwa mwaka. Swichi ya ukutani inaokoa kiasi hicho bila kununua kitu, na inazidi vifaa vingi vya sola nilivyovitaja.

Balbu moja ya zamani ya wati 60 inayowaka saa 5 hutumia uniti 110 kwa mwaka. LED ya wati 9 hutumia 16. Uniti 93 zinabaki mfukoni kwa bei ya balbu moja.

Na ukitaka jua likufanyie kazi ya kuonekana kwenye bili, lipe kazi ya joto. Jua hupasha maji kwa ufanisi kuliko linavyotengeneza umeme, kwa sababu hakuna haja ya kuligeuza. Hita ya maji ya jua juu ya paa inaweza kuondoa zile uniti 3.5 kwa kila lita 100. Kuanika nguo kwenye kamba badala ya mashine ya kukausha huokoa uniti 2 hadi 4 kwa kila mzigo kwenye mashine nyingi za kawaida. Kamba ya nguo ni kifaa cha sola chenye akiba kubwa kuliko vyote kwa bei yake, na nasema hivyo kwa dhati.

Kuna sababu nyingine ya kununua sola ndogo isiyohusiana na bili: umeme kukatika. Taa na chaja inayofanya kazi gizani ina thamani yake, na ni sababu halali kabisa. Iandike tu kwa jina lake, kama kinga, usiichanganye na akiba.

Hatua ya 7: Unaponunua

Beba rula dukani. Ukinunua mtandaoni, tafuta vipimo vya paneli kwa sentimita. Uliza aina ya betri na wati-saa zake. Usipumbazwe na mAh peke yake, kwani mAh 2,000 za volti 1.2 ni wati-saa 2.4 na mAh 2,000 za volti 3.7 ni wati-saa 7.4.

Kwa kifaa cha nje, tafuta alama ya IP. IP65 humaanisha vumbi haliingii na maji yanayorushwa hayapenyi. IP44 inafaa chini ya baraza. Dai dhamana ya maandishi ya mwaka mmoja angalau. Kwa taa na seti ndogo za sola kuna mpango wa kimataifa wa ubora uitwao VeraSol, ulioanza mwaka 2020 kuendeleza kazi ya Lighting Global ya Benki ya Dunia. Huchapisha orodha ya bidhaa zilizopimwa na kufaulu. Bidhaa kuwa kwenye orodha hiyo kunamaanisha namba za boksini zimehakikiwa maabara.

Epuka inveta ndogo, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa soketi, kama unaweza. Inveta hula umeme wake yenyewe hata isipobeba mzigo, na kwa mfumo mdogo hilo linaweza kumaliza nusu ya jua la siku. Simu, taa za LED, redio na feni ndogo zote hufanya kazi kwa umeme wa moja kwa moja, ziunganishe hivyo.

Hatua ya 8: Funga mahali sahihi, kisha tunza

Paneli haifanyi kazi ndani ya nyumba. Mwanga wa nje wakati wa jua kali hufika luksi 100,000. Chumba chenye taa nzuri huwa na luksi mia chache. Kifaa kilichowekwa rafuni sebuleni kinapata chini ya asilimia 1 ya kile ambacho kingepata nje. Dirishani ni afadhali, bado si nje.

Elekeza paneli upande wa ikweta: kusini ukiwa kaskazini mwa ikweta, kaskazini ukiwa kusini yake. Mwinamo wake kutoka usawa wa ardhi uwe karibu sawa na nyuzi za latitudo yako. Ukiwa karibu kabisa na ikweta, usiilaze tambarare. Ipe nyuzi 10 hivi ili mvua isukume vumbi. Chunga kivuli, hata kidogo. Seli za paneli zimeunganishwa kwa mfululizo kama bomba moja refu, na jani moja linalofunika seli moja laweza kuzuia zote. Tazama mahali hapo asubuhi, adhuhuri na alasiri kabla ya kutoboa ukuta.

Taa yenye sensa ya giza isikae karibu na taa nyingine, itadhani bado mchana. Futa paneli kwa kitambaa chenye maji, asubuhi ikiwa bado baridi. Ikiwa taa ya bustani imefifia baada ya mwaka au miwili, fungua skrubu za chini, soma betri, na uweke nyingine inayochajika ya volti zilezile. Kamwe usiweke betri kavu ya kawaida mahali pa inayochajika: paneli itajaribu kuichaji, itavuja na kuharibu saketi.

Hatua ya 9: Hakikisha kwa mita

Andika namba ya mita siku kifaa kinapoanza kazi, na tena baada ya siku 30. Linganisha na siku 30 zilizotangulia, ukikumbuka kama kulikuwa na wageni au hali ya hewa ilibadilika. Kwa mafuta ya taa na betri, weka hesabu ya ulichonunua. Ikiwa kifaa kilipaswa kuokoa uniti 1 kwa mwezi na nyumba inatumia 150, mita haitakuonyesha chochote. Hapo tegemea hesabu ya hatua ya 5 na uache kusubiri bili ishuke.

Andika pia tarehe ya kununua kwa kalamu isiyofutika chini ya kifaa. Siku betri itakapochoka utajua ilidumu muda gani hasa, na utairekebisha miaka uliyoikadiria kabla ya kununua kingine. Betri iliyochoka usiitupe motoni wala kwenye takataka za kawaida, hasa ya lithiamu. Funika ncha zake kwa utepe wa kunata na uipeleke wanakokusanya taka za elektroniki.